Kibali cha Taka Hatari

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na bado unagombana na ile cherehani yako. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio uko huko kwenu, hasa jioni nikianua nguo na kukumbuka ulivyokuwa ukinikaripia kwa kuzikunja ovyo.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kibali cha kusafirisha taka hatari. Miaka kumi na moja nimebeba mapipa ya asidi, mafuta machafu na sindano za hospitali kwa leseni ile ile ya kubebea saruji. Mwaka huu sheria ikabana: bila mafunzo na mtihani, hugusi usukani. Bosi akatupeleka darasani wiki mbili, madereva tisa wenye vitambi, tukajibana kwenye viti vya wanafunzi.

Kazi ya mikono haikunishinda. Kuvaa glavu, kumwaga mchanga pipa likivuja, kuzima moto, yote niliyaweza. Siku ya nne mkufunzi akanipa hati ya mzigo, akataka niisome kwa sauti kabla ya kupakia. Nikasema nimesahau miwani. Dereva mwenzangu, mama mmoja mcheshi tunayemwita Breki, akavua yake akanipa. Darasa zima likanisubiri. Nikaikodolea macho ile karatasi, kisha nikapakia kwa kufuata rangi za mapipa, kama nilivyozoea. Mkufunzi akanisimamisha. Akasema kwa upole kwamba nimeweka asidi ubavuni mwa taka zisizotakiwa kukutana nayo, na kwamba zingevuja njiani, mvuke wake ungeniua mimi na waliokuwa nyuma yangu.

Mtihani nikaanguka. Breki hakunicheka. Alinifuata nje akaniambia, "Kaka, macho yako mazima kabisa. Tuanze na a." Miezi mitano, kila mapumziko ya mchana, tulikaa ndani ya lori lake nikisoma lebo za mapipa: kinachounguza, kinachowaka, kinachoua. Wiki iliyopita nilirudia mtihani, nikafaulu.

Sasa, Dada, nikwambie nililokuficha. Barua zote ulizopata kutoka kwangu kabla ya hii ziliandikwa na karani wa stoo, na zako alinisomea yeye. Ile ya kuniita nije upesi, kwamba Mama yu hoi, ilifika karani akiwa likizo. Niliona haya kumpa mtu mwingine. Nikatembea nayo mfukoni wiki tatu, nikijipa moyo kwamba ni habari za kawaida. Karani aliporudi, Mama alikuwa ameshazikwa. Nikakudanganya kwamba bosi alininyima ruhusa, nawe ukamchukia mtu asiye na kosa.

Jumapili niliitoa barua ile nikaisoma mwenyewe, neno kwa neno, mpaka pale ulipoandika kwamba Mama kila akisikia lori linapita anauliza kama ni mimi. Karani hakunisomea mstari huo. Nadhani alinihurumia. Niliufunika kwa kiganja, nikaufunua, nikausoma tena.

Nataka kuja, Dada, unionyeshe alipolala. Lakini sitakuja mpaka uniite. Wabusu watoto, msalimie shemeji. Niandikie, hata kama ni kunitukana. Nitasoma mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Dereva