Baba na Geti la Kambi ya Zamani

Jumamosi, katikati ya Juni. Bunda.

Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria ya uji. Miguu inaniuma, lakini usingizi sina. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo nimeamua kuimwaga humu daftarini kabla haijapoa.

Jumatatu naanza kazi Kambini. Jina lake rasmi ni refu, lina maneno ya uwekezaji na uchumi, na limeandikwa kwenye bango kubwa kando ya barabara ya Musoma. Hapa kwetu hakuna anayelitumia. Jeshi lilishahama, viwanda na hoteli vimeingia, lakini sisi bado tunasema Kambini, na nadhani wajukuu zetu nao watasema hivyo hivyo. Nitakuwa natembeza wageni, wale wanaopita Bunda kwenda Serengeti na kutaka kulala usiku mmoja karibu na ziwa. Nilisomea utalii, nikarudi nyumbani kuokota pamba ya baba na kuuza sato wa kukaanga mtaani Manyamanyama, hadi nikaanza kuamini kwamba ndiyo basi tena. Sasa nimepata. Sare nimeshapewa. Suruali inanipwaya, itabidi niibane kwa mkanda.

Tatizo lilikuwa baba.

Hakunikatalia waziwazi. Angekataa ningebishana naye, hiyo naiweza. Alisema, "Wewe nenda, lakini mimi sijakuruhusu," halafu akaendelea kula ugali wake. Nyumbani kwetu mtu haanzi jambo kubwa kabla baba hajatamka neno. Kaka yangu aliondoka kwenda kuchimba dhahabu Buhemba bila neno hilo, na hadi leo akipiga simu anauliza kwanza kama baba yuko karibu. Mimi sitaki kuishi hivyo. Nilitaka "nenda" moja kamili, isiyofuatwa na "lakini".

Na sababu yake haikuwa na pa kushika. Baba haamini kwamba jeshi limehama.

"Jeshi halihamagi," aliniambia. "Linavuaga magwanda tu."

Kwa hiyo wawekezaji wenye kofia za plastiki ni wanajeshi. Wapishi wa hotelini ni wanajeshi. Hata dada anayeuza vocha mbele ya geti anamtilia shaka, eti mbona anatembea mgongo umenyooka namna ile. Utamjibu nini mtu kama huyo? Nilijaribu kucheka, nikajaribu kununa, vyote havikusaidia.

Lazima nieleze habari ya baiskeli, maana bila hiyo siku ya leo haitaeleweka. Zamani ukifika mbele ya geti la kambi ulikuwa unashuka baiskeli na kuikokota hadi uvuke, ndipo upande tena. Na tarumbeta ya bendera ikilia, asubuhi na jioni, ulikuwa unasimama pale pale ulipo mpaka iishe. Wote waliokuwa barabarani walifanya hivyo. Shamba letu liko kwenye mteremko ng'ambo ya barabara, mbali na geti, na huko kila mtu aliendelea na shughuli zake. Nani angejua?

Baba alisimama. Siku zote alisimama. Aliweka jembe chini, akabana miguu, akanyoosha mikono mapajani, peke yake katikati ya pamba. Majirani walimcheka. Sisi watoto tulijificha nyuma ya magunia tukimwigiza. Marehemu mama alikuwa akimuuliza, "Sasa nani anakuona?" na baba aliokota jembe lake na kuendelea kulima.

Tarumbeta imenyamaza, bendera imeondoka na wenyewe, na baba bado anashuka baiskeli kila anapopita pale. Bodaboda wanampigia honi. Wamempa na jina, wanamwita Afande.

Leo wenye mradi walifungua geti ili sisi wa vijiji vya jirani tuingie tukaone. Nilimwomba baba twende wote, huku nimejiandaa kukataliwa. Akanyoa ndevu, akavaa koti la kanisani na kutoa baiskeli nje. Nadhani alikuwa anakwenda kuchunguza wanajeshi wamejificha wapi.

Getini akashuka. Mlinzi, kijana wa kampuni binafsi, akamwamkia vizuri: "Shikamoo mzee. We panda tu, huko ndani ni mbali." Baba akaitika marahaba na kuikokota baiskeli yake kana kwamba hakusikia hayo mengine.

Na mimi nilikuwa sijawahi kuingia ndani zaidi ya ofisi ya getini, nilikofanyiwa usaili. Nimezaliwa kando ya uzio ule. Nimekua nikisikia vishindo vya mabuti na nyimbo za mchakamchaka, na yaliyokuwa yakitendeka huko ndani nilijitungia mwenyewe kichwani. Leo nimeingia nikakuta nilichotunga ni kidogo mno.

Miti kwanza. Vilima vyetu huku nje vimebaki mawe na visiki, mkaa umevimaliza. Ndani ya uzio miti imekua miaka yote ambayo hakuna aliyethubutu kuingia na panga. Kuna mikuyu ambayo hata tungeshikana mikono ukoo mzima sijui kama tungeizunguka. Tumbili walikuwa wanatutazama bila haraka. Upepo ulionitesa tangu asubuhi haukufika chini, ulikuwa unasikika juu tu. Nilishusha sauti bila kuambiwa, na nikaona kina mama wote tuliokuwa nao wameshusha sauti pia.

Halafu ziwa. Nimelizoea ziwa lenye nyavu, mitumbwi, watu wanaofua. Pale lilikuwa jeupe na tupu hadi mbali, na ndege wamesimama majini kwa mamia. Nilisimama nikasahau kwamba mimi ndiye nitakayekuwa nawaelezea wageni mahali hapa. Nitawaambia nini? Labda nitanyamaza nao kwanza.

Ghala la silaha sasa ni chumba cha baridi cha samaki. Kuta zake nene zilizokuwa zinatunza mabomu zinatunza barafu, na sato wanaoletwa na boti kutoka kisiwa cha Rukuba wamepangwa humo wanang'aa. Kwenye karakana ya magari ya jeshi kuna mashine za kusokota nyuzi. Maisha yetu yote pamba inaondoka hapa kwenye malori na hatujui inaishia wapi. Baba alisimama mbele ya mashine moja akaangalia uzi unavyotoka, akaugusa kwa kidole kimoja na kukirudisha haraka mfukoni.

Bwalo la maofisa ndiyo hoteli. Tulionyeshwa chumba chenye shuka nyeupe na dirisha linalotazama ziwa, kina mama wakapiga vigelegele. Baba aliinama akachungulia chini ya kitanda.

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe siku ilikuwa bado.

Mwisho tukafika uwanja wa gwaride, ambao uko juu kuliko sehemu zote. Mlingoti wa bendera bado upo, umesimama kwenye jukwaa dogo la saruji. Dada aliyekuwa anatutembeza, ambaye ndiye atakayenifundisha kazi, akasema kwamba mpiga tarumbeta alikuwa anasimama juu ya jukwaa lile. Wenzetu wakapiga picha na kuendelea na safari.

Baba alibaki. Akaegemeza baiskeli kwenye mlingoti, akapanda jukwaani polepole na kugeuka kutazama tulikotoka. Hakushuka, hadi nikaogopa kwamba anaumwa, nikamfuata.

"Mama," akaniita. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Ile si nyumba yetu?"

Nikatazama. Chini yetu kulikuwa na uzio, kisha barabara, na ng'ambo ya barabara shamba letu lote liko wazi, jeupe kwa pamba. Bati letu lenye kiraka linaonekana. Mdogo wangu alikuwa anaokota pamba akiwa na kitenge chake chekundu, nikamwona akijinyoosha kiuno. Ningeweza kumpungia mkono.

"Ndiyo baba. Ni kwetu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe walikuwaga wananiona."

Walikuwa wanamwona.

Asubuhi na jioni, miaka yote ile, mtu fulani ambaye hatumjui kwa jina alisimama pale na tarumbeta mdomoni, na mbele ya macho yake, katikati ya pamba, kulikuwa na mkulima mmoja aliyesimama wima. Sijui kama alimjali. Labda alimzoea. Labda siku baba alipougua malaria alijiuliza yule mzee yuko wapi leo. Sisi tulikuwa tunamcheka kwa kuheshimu hewa, naye alikuwa anaonekana vizuri kabisa. 

Baba alibana miguu, akanyoosha mikono mapajani. Hapakuwa na tarumbeta wala bendera. Nami nikasimama pembeni yake hivyo hivyo, na suala la nani anatuona sikulikumbuka. Nililia kidogo, niseme ukweli.

Kisha alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alishuka, akachukua baiskeli na kuipanda. Akauzunguka uwanja wa gwaride mzima, koti la kanisani linapepea, akipiga kengele. Kina mama wakarudi mbio kuangalia kuna nini. Alikuwa anacheka kwa sauti, na kicheko hicho sikumbuki lini nilikisikia mara ya mwisho.

Nikajisemea, imekwisha, leo amepona.

Akateremka nayo hadi getini mimi nikikimbia nyuma. Pale getini akafunga breki na kushuka. Akaanza kuikokota kama kawaida yake.

Mlinzi akacheka. "Mzee wangu, si nilikwambia upande tu? Jeshi limeshaondoka!"

"Najua limeondoka," baba akasema. "Zamani nilikuwaga nashukia jeshi. Leo nashuka kwa sababu binti yangu anafanya kazi humu."

Hakunigeukia. Akakokota hadi akalivuka geti, akapanda, akaenda zake. Ile "nenda" niliyokuwa naisubiri hakuitamka, na jioni nzima sijaitafuta. Nimepiga pasi sare, nimeweka mkanda juu ya suruali.

Jumatatu bodaboda atataka kunifikisha hadi ndani, maana geti linakuwa wazi na njia ni ndefu. Nitamwambia asimame nje. Akiniuliza kwa nini, sijui nitamjibu nini.

Ila nitashuka.