Kabureta Mbili za Baba Yenu

Mwanangu Sitati,

Salamu zikufikie huko Qatar. Sisi wa Nakuru tuko wazima, mahindi yamekauka vizuri, na dadako Mitchelle sasa anawashinda mafundi wote wa hapa Rhonda. Usicheke, mimi ndiye nilimzaa.

Unakumbuka pikipiki ya baba yenu, ile ya kabureta mbili, ikipunguza mwendo inakohoa? Tangu tumzike haikuguswa. Jumamosi Mitchelle akaitoa. Akachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akatia oili, akaunganisha kila ncha na kabureta yake. Oili ikakimbilia upande mmoja.

"Mama, ona, hii inavuta hewa kuliko mwenzake, ndiyo maana inakohoa."

Akazungusha skrubu polepole mpaka oili ikalingana pande zote. Injini ikatulia, haitetemeki hata kidogo. Majirani wakapiga makofi, nami nikawaambia, "Huyo ni wangu, msiniangalie hivyo!"

Jana akaenda nayo dukani. Aliporudi ilikuja mpaka mlangoni bila kukohoa, nikadhani ni mgeni. Sitati, huko kukohoa ndiko kulikuwa kunaniambia baba yenu amefika kona ya kanisa, nami natia unga kwa maji.

Mitchelle akaniuliza, "Mathe, unalia nini? Nirudishe vile ilikuwa?"

Nikamwambia aache, asiharibu kazi nzuri. Kisha nikaingia jikoni nikapika ugali wa watu wawili tu, mimi na dadako.

Ukipiga simu, msifu sana dadako. Mimi usiniulize habari ya pikipiki.

Ni mimi mama yako,
Nasimiyu