Karatasi Tatu za Mashine ya Barafu

Bunia, Mudzipela, lundi (Jumatatu) asubui, tarehe dix (10)

Kwa yaya yangu Véronique, dada yangu mukubwa, kule Mombasa,

Jambo sana, yaya. Uko namna gani? Joto ya bahari haijakuyeyusha bado? Siye huku tuko, tunapumua. Mama iko muzima, goti tu njo inamusumbua. Anakusalimia na anauliza kama huko wanakula pondu, majani ya muhogo. Mimi nimezidi kuwa muzuri, hata kioo inachoka kuniangalia. Cheka, yaya. Cheka sasa, juu mbele kidogo utakasirika.

Barua hii inakuja na Yves, jirani yetu anayefuata vipuri Mombasa. Amesema njia itamuchukua siku ine. Ndani nimeweka bahasha ndogo, nimeishona na uzi mwekundu. Usiifungue kwanza. Nakujua, weye unasomaka kuanzia mwisho. Leo anzia juu, kama unasoma barua ya askofu.

Uliniambia ku telefone kama tarehe dix-huit (18) ikipita bila kutoa kontena ku port, watu wa duane, ya forodha, wataiuza mu mnada na mashine yetu ya barafu itaenda kwa mutu mwingine. Bamama kumi na wanane wa Kasenyi, kule ku ziwa, waliochanga feza ya mashine, wananisimamisha ku njia. Wanauliza barafu iko wapi, samaki zinawaozea mu bitunga. Mama Sylvie, mumoja wao, alisema kontena ikipotea, weye usikanyage tena mu soko yao. Nilimujibu kama dada yangu haiko mwizi. Nilijibu na sauti kubwa kabisa, juu nilikuwa na haya.

Uliniambia tena vile mutu wa kampuni ya meli alikuambia. Ile connaissement, karatasi inayoonyesha mwenye muzigo, ulimupelekea ikiwa mu plastiki ngumu kama carte d'électeur ya kupigia kura. Nyuma yake njo weye unapaswa kutia sahihi na yeye kupiga muhuri, na plastiki haikubali. Ukiitoa, karatasi inapasuka. Akasema karatasi hizo zinatokaka tatu, lete moja kati ya zile mbili zingine, bila hiyo hatakuachia hata musumari. Weye hukuwa umeziona. Ukaamini kama Abdoul, dereva aliyekubebea bahasha kutoka hapa, ameiba zile mbili ili atoe kontena yeye. Bosi wake amemunyanganya ufunguo wa kamyo, na polisi wanamuita kila siku. Uliniuliza mara tatu kama mimi niliona kitu. Mara tatu nikasema hapana.

Sasa keti.

Ni mimi. Abdoul hakugusa kitu. Bahasha ya China ilifika Bunia wakati mvua inapiga. Na mimi, mwenye akili kushinda darasa yote iliyonifukuza, nikawaza: diplôme watu wanaplastifiya, wanaifunga mu plastiki, acte de naissance ya mutoto wanaplastifiya, hata picha ya marehemu. Karatasi ya kontena muzima iende uchi? Nikazipeleka zote tatu kwa yule wa mashine ya kuplastifiya ku boulevard, nikasimama pale kifua mbele kama notaire mwenye mihuri.

Ya kwanza ikaingia, hiyo njo nilikutumia. Ya pili ikaingia, nikaitundika juu ya kitanda yangu, sababu chini ya jina yako wameandika jina yangu na numero yangu: mutu wa kuarifiwa meli ikifika. Jina ya Fiston imevuka bahari, yaya! Ya walimu wangu haijavuka hata muto Shari wa hapa kwetu. Ya tatu mbele ya kuingia, courant, umeme, ikakatika. Siku ile nilitukana. Leo ningemubusu aliyeikata.

Ile ya tatu nikaishusha Kasenyi kwa muzee Jérôme, baba ya Aimée. Aimée unamujua, usijifanye. Ili anione mukwe wa maana, nilimuambia muzee kama mashine ya barafu ni yangu, na ushahidi ni huu. Akaiweka mu kitabu yake ya nyimbo. Ulipolia ku telefone, nilijua vizuri iko wapi. Lakini kuirudisha ni kusema, na mimi kusema ilinishinda.

Jana kisha misa nilipanda moto, pikipiki ya Nathanaël, tukashuka Kasenyi. Ku mutelemuko breki inalia, mimi naomba tu muzee asiwe amefungia chumvi mu karatasi yetu. Nilimukuta na wavuvi wake wote, Aimée anapasua samaki capitaine. Niliomba tuende pembeni. Muzee akasema mutu wa kontena haongeaki pembeni. Basi nikasema mbele ya wote: mashine ni ya dada yangu na ya bamama, mimi pale niko na jina tu. Walicheka, mumoja akaangusha wavu mu maji. Muzee hakucheka. Akasema macho yake inasoma bado, tangu siku ya kwanza aliona jina ya mwanamuke ku mustari wa juu; alikuwa ananingojea tu niseme mwenyewe. Halafu akauliza zimebaki siku ngapi, akanipa karatasi na mikono mbili. Aimée hakuniangalia. Alinitupia kichwa cha samaki nimupelekee mama.

Sasa kata uzi. Ndiyo hiyo. Iko safi, inanuka samaki kidogo.

Lakini mbele ya kukimbilia biro ya meli, pitia kwa Abdoul. Musomee barua hii, bosi wake asikie. Pale pa «Ni mimi» usiruke. Polisi wakitaka jina, iko ku karatasi, ya pili kutoka juu, na numero. Wanipigie. Sitazima telefone.

Mama hajajua. Nitamuambia leo, tukikula kile kichwa cha samaki. Anakukumbatia, jirani wote wanakusalimia, na mimi ninakuombea urudi na barafu. Ukishuka ku gari, unipige kofi moja. Ya pili umuachie Abdoul.

Ni mimi mudogo yako,
Fiston, mutu wa kuarifiwa

N.B. Mvua inakuja. Yves anasema tupitishe kwanza barua ku ile mashine ya boulevard, isilowane. Nimekataa. Ataibeba ndani ya shati.