Kura Yangu ya Kitufe cha Tab

Alhamisi. Baridi ya Julai, ile ya kukaa ofisini na koti mpaka saa nane. Leo jua halikutoka Buruburu, na sikulingoja. Nimefika nyumbani Njiru sina hasira wala furaha. Nimeteleka ndengu, na zikiendelea kuiva naandika.

Leo tumepiga kura ofisini. Si ya mbunge. Tumepigia kura namna ya kusukuma mistari ndani tunapoandika msimbo wa tovuti. Mama alipopiga simu nikamweleza, akauliza kama hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Nikamwambia ndiyo, mama, ni hii hii.

Nieleze mara moja. Msimbo una mistari mingi, na mstari ulio chini ya mwingine husukumwa ndani kidogo ili ionekane ni wa nani. Kuna wanaosukuma kwa nafasi nne, ta ta ta ta, na kila mtu anaona pengo lile lile kwenye kila kompyuta. Kuna wanaobonyeza kitufe cha Tab mara moja, na hapo kila mtu huamua kwenye kompyuta yake pengo liwe pana au jembamba. Tovuti yenyewe haijali. Watu ndio wanaojali, na wanajali mpaka wanaacha kusalimiana.

Tunaoandika tuko watatu: mimi, Brayo na Wekesa. Juu yetu yuko Ndanu, mwenye kampuni, aliyekodi vyumba viwili juu ya duka la dawa hapo Buruburu na ambaye anatuita "watoto wangu" ingawa Wekesa anamzidi umri. Brayo ni wa nafasi nne. Mimi pia, tangu nianze kazi hii, na nimemchosha kila mtu kwa hotuba zangu. Wekesa ni wa Tab.

Kompyuta ya Brayo imewekwa kupanga upya kila faili anayofungua. Akifungua ya Wekesa, inageuka nafasi. Wekesa akiifungua, anairudisha Tab. Wiki iliyopita nzima walirudishana hivyo bila neno, kama majirani wanaosogezeana ndoo kwenye foleni ya mfereji. Jumatatu kazi ya mmoja ikafuta ya mwingine, na duka la mtandaoni la wachonga vinyago, wateja wetu wakubwa, likaamka bila picha hata moja. Simu ya Ndanu ililia asubuhi yote. Akaja akasimama mlangoni.

"Watoto wangu, mtakubaliana wiki hii. Na mwenye kichwa ngumu, sioni kwa nini nimwongezee mkataba."

Mkataba unaoisha mwezi huu ni mmoja tu. Ni wa Wekesa.

Sasa ukweli. Meza yangu iko nyuma ya yake, na tangu Pasaka nimekuwa nikiona herufi kwenye skrini yake zikikua. Siku hizi ni kubwa kama za nyimbo zinazorushwa ukutani kanisani. Kwa herufi za ukubwa ule, zile nafasi nne zinasukuma maneno nje ya skrini kabisa, anabaki akitazama weupe. Kwa Tab, anafanya pengo liwe jembamba na kazi inaenda. Tena inaenda vizuri kuliko ya Brayo. Jioni moja, stejini Jogoo Road, aliniuliza gari lililosimama mbele yetu limeandikwa namba gani. Nikamtajia. Akasema miwani yake iko kwa fundi.

Wekesa hajawahi kuwa na miwani.

Macho yake yanaharibika, na amewaficha wote. Mimi sikuwahi kumuuliza. Nilijiambia ni heshima.

Leo mchana Ndanu alitupeleka Burma, soko la nyama choma, ati watu wakila nyama hawagombani. Huyu hawajui watu. Brayo alianza kabla kachumbari haijafika.

"Buda, na heshima yote, hii story ya Tab ni ya kitambo. Si tuwe sawa wote tu?"

"Siwezi," Wekesa akasema.

"Huwezi ama hutaki?"

"Basi sitaki."

Alisema hivyo akitazama sahani. Angetaja macho tu, Brayo angenyamaza papo hapo, maana Brayo ana mdomo lakini roho yake ni safi. Hakutaja, na nilimwelewa. Kazi yetu yote ni kutazama skrini. Umwambie mwajiri huoni vizuri, mwezi wa mkataba, na una watoto wawili shuleni? Afadhali uitwe mkaidi.

Ndanu akapangusa mikono. "Haya, inueni mikono. Mimi nafuata wengi."

Wa nafasi nne? Brayo akainua, akanigeukia akitabasamu, akingoja wangu. Wangu ulibaki mezani. Wa Tab? Wekesa akainua. Kisha mimi, na vidole vyote mafuta matupu.

"Zii! Mwikali? Wewe?" Brayo nusura aangushe soda. "Aki si ni wewe ulinifunza hizo nafasi!"

"Nimebadilisha mawazo."

"Lini? Kati ya ugali na mutura?"

Ndanu akacheka mpaka akakohoa, akaagiza nusu kilo nyingine, mambo yakaishia hapo. Nilikula vizuri. Nilijiona mtu wa maana sana, wacha niseme tu. Nimemwokoa mtu na hakuna aliyejua. Brayo aliniita msaliti njia yote ya kurudi na nikamwachia, kwa sababu ilinipendeza kuitwa msaliti nikijua moyoni mimi si msaliti.

Wekesa hakuwa amecheka. Hata kunitazama hakunitazama.

Jioni Brayo aliposhuka kununua mayai boilo, Wekesa akageuza kiti.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na leo ukaamua kunisaidia."

Nikaanza kusema nilifikiri hivi na vile. Akanikatiza, bila kupaza sauti.

"Mwikali, kila mtu hapa anakujua wewe na nafasi zako nne. Ungebadilika bure tu? Brayo si mjinga. Alikuwa anakutania wewe, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Tulipofika kwa ngazi akaniuliza polepole kama niko sawa." Akazima kompyuta. "Kura ningeshindwa, ningetafuta njia. Nilitaka kumwambia Ndanu nikishasaini. Sasa lazima nimwambie kesho asubuhi, nikifika tu, kabla hajasikia kwa mtu."

Nikasema pole. Akasema si kitu, akachukua begi lake, akashuka. Ningependa anigombeze. Nilibaki nimekaa na koti langu, Brayo akarudi akanipa yai moja lenye kachumbari, nikalila kwa sababu lilikuwa mkononi.

Sasa niko jikoni na nimeudhika na nafsi yangu, ingawa si sana kama nilivyotarajia. Naona tu jambo lilivyokwenda. Wekesa hakuniomba kura. Siri ilikuwa yake, na siku ya kuisema ilikuwa yake, na mimi nimemchagulia siku nikiwa natafuna nyama. Tangu Pasaka nimekaa nyuma yake kila siku ya kazi. Nimemuuliza habari za watoto, habari za kwao Bungoma, kama ana sukari ya chai. Kuuliza, "Wekesa, macho yanakusumbua?" hakukuwa na gharama yoyote. Nilikwepa kwa sababu angejibu, na akishajibu ningekuwa na jambo la kubeba. Kuinua mkono kulikuwa rahisi zaidi.

Ndanu anaweza kumwelewa. Kuna programu za kusoma skrini kwa sauti, kuna hospitali, kuna mengi. Anaweza pia kutabasamu, amwambie "mtoto wangu, tutaona," na mwisho wa mwezi ufike bila karatasi ya mkataba. Simjui vya kutosha kuapa.

Wekesa amesema atamwambia asubuhi, akifika tu. Nitamtangulia ofisini. Nitamuuliza anataka niingie naye, au nibaki nje, au nisionekane kabisa mpaka amalize. Nitakaa kimya nisikie atakachotaka, na hicho ndicho nitakachofanya, hata akisema nimwondokee.