Mtoto wa Paka Aliyefutwa kama Saa

Nyumbani,
Nyuma ya duka la saa,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa binti yangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi za mama yako. U hali gani, na tumbo linaendeleaje? Miguu bado inavimba? Ikivimba iinue juu ya mto, na mkwe wangu apike yeye, hata kama anaunguza. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo lina mambo yake.

Barua yako niliipata. Umeniomba nije kukutunza ukijifungua, na tangu siku hiyo moyo wangu uko kwako. Kilichonichelewesha kukujibu ni baba yako. Unamjua. Ni fundi saa hodari, lakini ndani ya nyumba hajui hata sukari inakaa wapi. Nimemzalia watoto wanne na hakuwahi kubadilisha nepi hata moja. Nikawa najiuliza, nikimwacha peke yake miezi miwili, nitamkuta hai?

Sasa sikiliza yaliyotupata. Yule paka wa madoa, tunayemwita Mpangaji kwa sababu alihamia bila kumuuliza mtu, amezaa. Hakuzaa kwenye kikapu nilichomtandikia. Alizaa dukani, ndani ya droo ya chini ya meza ya baba yako, juu ya vitambaa vyake vya kazi.

Nilimwonya asiwaguse watoto. Lakini baba yako hawezi kukaa na kitu karibu na meza yake asikifute. Nilipokwenda sokoni alimtoa yule mdogo kuliko wote, akavaa kile kioo chake cha jicho moja, akamfuta kwa kitambaa chenye petroli anachosafishia saa, kuanzia masikio hadi mkia. Kisha akamrudisha kwa mama yake aking'aa. Mpangaji alimnusa mara moja, akamfokea, akamsukuma pembeni kwa mguu, na tangu hapo hakutaka hata kumwona.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, dada mmoja mwenye sauti ya upole na maneno makali. Alimwosha mtoto petroli kwa maji ya vuguvugu, akatupa maziwa ya unga ya paka na bomba la sindano lisilo na sindano. Akaeleza kwamba anyonyeshwe akiwa kifudifudi, usiku na mchana, awekewe chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, na kila akishiba afutwe huko nyuma kwa pamba yenye maji mpaka akojoe. Peke yake hawezi bado, hiyo ni kazi ya ulimi wa mama yake. Baba yako akauliza kazi hiyo ataifanya nani. Daktari akamwambia, "Si wewe mzee uliyemfuta mwanzo? Basi endelea kumfuta."

Mimi nikakunja mikono. Nilitaka nione.

Mwanangu, nimeona. Baba yako amempa jina la Sekunde na hana habari nyingine ya kuzungumza. Anamlisha kwa vidole vilevile vinavyoshika skrubu ambazo mimi hata sizioni. Juzi alikuja mteja na saa ya ukutani iliyosimama, akaambiwa, "Ngoja kidogo bwana, mtoto hajakojoa." Mteja akangoja kwa heshima zote, akatoka hapo akatangaza mtaa mzima kwamba mjukuu wetu amefika. Jirani yetu mshonaji ameshaleta vikofia viwili. Kwa hiyo ukipigiwa simu ya hongera kabla ya wakati, shukuru tu, usibishane na mtu.

Masihara yaliisha Jumatano. Mchana huo Sekunde aligoma kunyonya, akalegea, mwili ukawa wa baridi. Baba yako akafunga duka. Hakulifunga hata siku uliyozaliwa wewe, na hilo sijalisahau. Akamtia ndani ya shati, kifuani, akaketi. Nikamuuliza kama nimwite daktari, akaniinulia kidole ninyamaze, kwa sababu alikuwa anamsikiliza mapigo ya moyo. Niliogopa, na si kwa ajili ya paka tu. Sikuwahi kumwona baba yako akihofia kitu namna ile.

Ilipofika jioni mtoto alikuwa amepata joto, akaanza kulia njaa. Daktari alishatuambia tumjaribu tena mama mtu, harufu ikiisha. Baba yako akachukua kitambaa anacholalia Mpangaji, akampangusa nacho Sekunde mwili mzima, safari hii bila petroli, akamchomeka katikati ya ndugu zake. Mpangaji akanusa. Akanusa tena, kuanzia masikio hadi mkia. Kisha akaanza kumlamba, na mtoto akashika ziwa. Baba yako alilia, Chiriku, na mimi nikalia.

Nikaona wakati ndio huo wa kumsomea barua yako. Nilikuwa nimejipanga vizuri, kwanza nimbembeleze, kisha nimweleze jiko linavyowashwa. Hata sijafika katikati, akaniambia bila kuinua macho kwenye droo, "Mama Chiriku, nenda. Kalee wako, mimi nina wangu hapa."

Miaka yote hii nilijidhania nguzo ya nyumba, kumbe naruhusiwa kirahisi hivyo kwa ajili ya paka. Nilinuna siku nzima. Jana nimeteremsha sanduku kutoka juu ya kabati, nikalipangusa vumbi.

Msalimie sana mkwe wangu, mama mkwe wako, na shangazi yako akipita hapo. Kaka zako wote wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akulinde, akufungue kwa wepesi, wewe na mtoto mtoke salama.

Nitandikie kitanda, mwanangu. Nakuja.

Ni mimi mama yako, nikupendaye siku zote.