Gari Lililofunguliwa Kwa Mrombo

Jumatatu, 9 Juni

"Gari lile ni jeneza lenye redio." Ndivyo alivyoandika kaka Lazaro asubuhi hii kwenye kundi la simu la ukoo, mbele ya mashangazi, wajomba na watoto wa shule. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, natazama tone la maji chini ya gari, kama kila asubuhi. Chai ikapoa.

Najibu hapa kwa sababu Nasieku, mke wangu, amenikataza kujibu kule. Kwanza, redio haifanyi kazi. Pili, jeneza halipandi mlima wa Ngaramtoni huku likipita malori. Tatu, mtu anayeendesha pikapu yenye mlango uliofungwa kwa kamba ya katani hana haki ya kuhukumu gari la mwenzake. Gari langu ni la michezo, jekundu, milango miwili, limetengenezwa na watu waliokuwa wakijivunia kazi yao. Ni kuukuu. Hata mimi ni kuukuu, na bado ninashinda mijadala.

Kikao ni Jumamosi. Wazee wa ukoo wametuita nyumbani kwa mama, Oldonyo Sambu, watupatanishe. Mimi na Lazaro hatujala pamoja tangu tugombane juu ya mpaka wa shamba la marehemu baba. Kwetu, ndugu waliogombana kiasi hicho hawaingii nyumba moja kula mpaka kondoo achinjwe mbele yao, na kondoo hachinjwi mmoja wao akikosekana. Mama amezeeka. Anataka kutuona wote wawili mezani kwake. Nami nataka. Naandika wazi: nataka.

Halafu nimevunja amri ya Nasieku. Nimeandika kwenye kundi: Nitakuja Jumamosi, na nitakuja na hilo jeneza.

Lile tone ni mpira wa rejeta. Kitu kidogo. Kesho nalipeleka gari kwa fundi.

Jumanne, 10 Juni

Kwa Mrombo, gereji ya Elifasi. Uwanja mweusi kwa oili nyuma ya soko, magari yamepangwa kama ng'ombe mnadani. Elifasi ni Mmeru, mcheshi, mikono yake haijui kutulia. Alitazama mpira akacheka. "Huu tu, mzee? Agiza chai. Kabla hujaimaliza umeondoka."

Nilimaliza chai. Nilimaliza na maandazi. Alipovuta mpira, shingo ya rejeta ikavunjika nao. Plastiki ya zamani, imekauka kama biskuti. Basi rejeta ishuke. Iliposhuka tukaona pampu ya maji inatoka jasho. Kuifikia pampu lazima mkanda wa taimingi utoke. Ulipotoka, ukawa na nyufa.

Kila hatua ni ya haki. Hilo ndilo linaloniudhi. Nimebishana redioni na wasomi, wachungaji na wanasiasa, na sikumbuki kushindwa. Leo nimeshindwa na ufa.

Nimerudi nyumbani Terrat kwa miguu, nimekasirika njia nzima.

Jumatano, 11 Juni

Nilikwenda msalani mara moja tu. Kurudi, kile kifuniko cha waya za plagi hakipo. Elifasi hakuona hata haya.

"Kimeazimwa, mzee. Yule dada anawahi hospitali, injini yake ni ndugu na yako. Kitarudi."

Ndivyo wanavyofanya kazi hapa. Gari likishafunguliwa, ni la wote. Kifaa kinatoka kwenye gari lililolala kinakwenda kwenye gari linaloondoka. Ndiyo maana wenye magari hukaa hapa kutwa, kila mtu amekodolea macho injini yake. Zamani nilikuwa nikiwapita na kuwaona wajinga. Sasa nina kreti langu la soda, nimekaa nao.

Nimewahutubia. Nimesema kwamba huu ni wizi wenye tabasamu, na kwamba taifa linaloazimana vifuniko halitaunda hata baiskeli. Nilikuwa napanda kuelekea hoja ya tatu. Mzee mmoja mwenye pikapu ya kubebea kahawa akaniuliza, "Umemaliza, mwalimu? Basi sogea kidogo, umenizibia injini yangu."

Walicheka wote. Elifasi alicheka mpaka akaangusha spana.

Kifuniko kimerudi jioni. Sikushukuru.

Alhamisi, 12 Juni

Oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia ndani. Hedi, kile kipande kizima cha juu cha injini, lazima kitoke. Bolti moja imekatikia humo humo. Hedi yenyewe imepinda. Imepelekwa mjini kwenye mashine ya kuisawazisha.

Injini iko wazi angani kama mdomo kwa daktari wa meno.

Nimesoma vitabu vingi vya vita. Sijakutana na jemadari aliyekusudia vita virefu. Kila mmoja alikuwa akilinda tu kile alichokwisha kukipoteza jana. Nilikuwa nikiwacheka majemadari hao darasani.

Nasieku amesema mdogo wake ana nafasi kwenye gari lake Jumamosi, twende wote. Nimekataa. Akaniuliza kama ninakwenda kupatana na kaka yangu au kumwonyesha gari. Nimemjibu vibaya. Jibu hilo sitaliandika hapa.

Ijumaa, 13 Juni

Hedi haijarudi. Umeme umekatika huko kwenye mashine.

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya soko, Mlima Meru hauonekani. Makala ya gazeti sijaandika. Nimekaa juu ya kreti tangu asubuhi, nalinda shimo.

Lazaro ameandika kwenye kundi: "Kondoo amepatikana. Jeneza linakuja?"

Nimeandika: Linakuja.

Uongo mtupu. Mimi ninayewatukana waongo kila wiki gazetini. Nilipobonyeza tu nilijua. Nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo nimeutupa nje.

Jumamosi, 14 Juni

Hedi imerudi asubuhi, imenyooka, inang'aa. Nikamwambia Elifasi akimbize mikono. Akaniambia, "Mzee, injini haiogopi mtu." Lakini alikimbiza.

Nasieku na mdogo wake walinipitia. Walisimama barabarani. Nasieku alikuwa amevaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku hii. Wakapiga honi. Nilinyanyua mkono kuwaambia watangulie. Akashuka, akaja mpaka kwenye kreti langu.

"Baba Naomi, inuka."

Nikampa hoja. Nikiondoka wakati injini iko wazi, jioni sitakuta gari, nitakuta bodi na matairi. Ni hoja nzuri. Nimeipima tena sasa hivi, bado imesimama. Ila si ndiyo iliyonikalisha. Nilikaa kwa sababu niliogopa kushuka kutoka kwenye gari la watu huku Lazaro amesimama getini ananitazama.

Aliniangalia. Akaondoka.

Halafu gasketi, karatasi ya kuziba kati ya hedi na injini. Ile mpya iliyoletwa ilikuwa ya injini nyingine. Matundu ya maji yanaangukia kwenye chuma. Elifasi aliigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta upande wa shati gizani. Akaiweka chini, akafuta mikono, akasema pole. Hakutania. Hapo nikajua imekwisha.

Mchana mama alipiga.

"Uko wapi?"

"Gereji, Yeyo."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Haya."

Akakata. Nilibaki na simu sikioni.

Nasieku amerudi na habari. Wazee walingoja mpaka chakula cha mama kikapoa, kikapashwa, kikapoa tena. Kisha mkubwa wao akasimama, akasema asiyekuja amekataa amani. Kondoo akarudishwa zizini. Ameniambia hayo akiwa anavua viatu, bila kuniangalia, kisha akaenda kulala na binti yetu Naomi.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda gereji. Gari liko wazi, hakuna anayelilinda.

Nimepata lifti kwenye lori la pumba linalokwenda Namanga. Nilikaa juu ya magunia. Sikumwambia mtu. Oldonyo Sambu kulikuwa na upepo na vumbi, watu wanatoka kanisani wameshika kofia zao. Kwa Lazaro geti lilikuwa limefungwa. Nikabisha.

Alikuja mwenyewe. Nikasema shikamoo kaka. Akaitikia marahaba.

Hakufungua. Hawezi, kondoo hajachinjwa. Shemeji Maria alileta chai, akanipitishia juu ya geti, kikombe kimoja. Nikanywa nimesimama nje, Lazaro amesimama ndani, mikono juu ya mbao. Yeye hakunywa. Watu wa kanisani walipita wakatusalimia kwa sauti ndogo, kama vile kuna mgonjwa.

Akauliza, "Limepona?"

Nikasema halijapona.

Nilingoja acheke. Nilikuwa tayari, hata jibu nilikuwa nalo. Hakucheka. Alikwangua rangi ya geti kwa ukucha.

"Mimi jana nilivaa koti," akasema. "Lile la harusi. Maria akanicheka. Nikakaa nalo mpaka jioni, hata ng'ombe nikawanywesha nalo."

Nikamwambia mahindi yake yamezaa vizuri. Akasema yangezaa zaidi kama mvua isingekatika mapema. Tukatazama mahindi. Nilipomaliza chai, akapokea kikombe mwenyewe, akakaa nacho mkononi.

Nimepita kwa mama. Amenipa ugali na maziwa ya mgando, akakaa pembeni kunitazama nikila peke yangu.

Sasa niko nyumbani. Nasieku anapika, ameniuliza tu kama Yeyo hajambo. Kesho nitawaandikia wazee. Naandika hapa kwanza, bila mapambo.

Wazee wangu wa ukoo wetu, mlionisubiri Jumamosi. Mmesema asiyekuja amekataa amani. Mimi sikuja, lakini amani sikuikataa. Hayo si maneno ya kujitetea. Nikaripieni mbele ya watoto, sitafungua mdomo. Geti la Lazaro sisi wawili hatuwezi kulifungua. Mnaoweza ni ninyi. Basi itisheni kikao tena, wiki hii hii, mama angali na nguvu za kupika mwenyewe. Msimpe mtu kazi ya kuniuliza nitakuja na usafiri gani. Niambieni siku.