Paji la Uso la Kaka

Jumapili, 3 Machi
Kaka kakataa tena. Hataki operesheni! Nimekwenda kwake asubuhi nikamkuta anapiga pasi mashati, kofia kichwani humohumo ndani. Tangu walipomtoa ule uvimbe pamoja na kipande cha fuvu kilicholiwa nao, mwaka jana, hajavua kofia mbele ya mtu. Ijumaa ndiyo siku ya kuzibwa lile tundu. Anasema ameshazoea. Amezoea nini! Juzi kajigonga kidogo tu kwenye mlango wa kabati, akazimia. Daktari alishasema, akianguka na kichwa kiko wazi vile, tutakuja kulia. Nikamkumbusha. Kaniambia, we mtoto, kunywa chai yako. Mtoto! Nimeshapata wajukuu.

Jumatatu, 4 Machi
Kipande cha kuziba tundu lake kimefika karakanani kwetu. Viwili, kama kawaida: kimoja cha kazi, kimoja cha akiba. Plastiki ngumu, rangi ya maziwa, kimechongwa kwa kufuata picha za kichwa chake. Miaka yote hii nashika vipande vya watu nisiowajua, mataya, mashavu, mafuvu. Hiki nimekishika tu, mikono ikakijua. Kile kibonde juu ya nyusi! Utotoni alikuwa ananibeba mabegani kwenda shule, nami nalishikilia paji lake kwa mikono miwili nisianguke. Yeye analalamika: unaniziba macho, tutaingia mtaroni! Siku moja tukaingia kweli. Mama alitufua sote na nguo zetu, anafoka huku anacheka.

Jamani, nyumba ile. Vyumba viwili na kelele za watu kumi. Nimekwenda kujifungia chooni mpaka machozi yakakauka.

Jumanne, 5 Machi
Nimempigia, hajapokea. Nimempigia tena, hajapokea. Kichwa kigumu kweli — hata baada ya kutobolewa!

Jumatano, 6 Machi
Leo nimekipitisha kile cha kazi kwenye plazma. Kwa Bibi, yaani — ndivyo tunavyoiita mashine yetu, maana inakohoa kabla ya kazi na inataka kubembelezwa. Zamani tulikuwa wanne chumba hiki. Redio juu ya rafu, fundi mkuu anapiga mluzi mpaka tunamtupia glavu. Wote wamestaafu. Nimebaki mimi na Bibi.

Unafungia kipande ndani, pampu inanyonya hewa, unaingiza gesi kidogo, unawasha umeme — na nyuma ya kidirisha kunawaka zambarau. Rangi ile sijawahi kuichoka. Plastiki haibadiliki umbo. Ni ngozi yake ya juu tu: ilikuwa inayakataa maji, sasa inayapokea, na mwili nao unapata pa kushika.

Jioni kapiga mwenyewe! Hata salamu hamna. Eti, hicho kitu changu kikoje? Nikamwambia, njoo ukione.

Alhamisi, 7 Machi
Amekuja! Shati limenyooka utadhani anakwenda kuposa. Nikachukua vipande viwili vya majaribio. Tone la maji kwenye kile ambacho hakijapita kwa Bibi: likasimama duara, likabingirika mpaka mezani. Tone kwenye kilichopita: likalala, likatandaa. Akaangalia sana. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kwa hiyo hakitanikataa? Nikasema, ndiyo kazi yetu hiyo, kisikukatae.

Nikafungua pakiti nimwonyeshe chake chenyewe. Nimegeuka kumtafutia glavu, kugeuka tena — keshakitwaa! Mikono mitupu, anakipapasa pole pole kama anamtafuta mtu. Eti, kumbe nilikuwa na uso mzuri hivi!

Nikapiga ukelele. Na alivyojipaka mafuta huyo, chumba kizima kinanukia! Ngozi ile haitaki hata alama ya kidole. Na ukikiosha ukakirudisha kwenye plazma mara ya pili, inachoka, inaanza kubanduka. Basi tena, kimeharibika. Kaka kasimama kama mtoto aliyevunja sahani. Nilitaka kumgombeza, kicheko kikanitoka. Naye akaangua kicheko, tukacheka mpaka akatafuta kiti. Sijamsikia akicheka vile tangu mama yupo. Nimeukumbuka mno ujana wetu, hata sijui niuandikeje.

Kimebaki cha akiba. Nimekiosha, kimo kwa Bibi sasa hivi. Hospitali wanakifuata jioni hii wakakisafishe kuua vijidudu. Na Bibi kaamua kununa leo! Pampu inakohoa, mshale wa kipimo cha hewa hauteremki inavyotakiwa. Hewa isipotoka, hakuna zambarau. Naandika huku nausubiri mshale. Kaka kaketi kando yangu, anachungulia kidirishani.

Ametoka kusema sasa hivi kwamba anaogopa. Hivyohivyo: naogopa, mdogo wangu. Maisha yetu yote sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake, hata siku ya kumzika mama. Nikamwambia, na mimi naogopa.

Simu inalia — daktari wake. Anataka kujua kipande kiko tayari au aahirishe. Sijafungua mdomo, kaka keshaninyang'anya simu. Anamwambia, ni mimi, mgonjwa mwenyewe. Usiahirishe, daktari. Kesho nakuja. Ila waje kukichukua baadaye kidogo, bado kinapikwa.

Mshale umeshuka kidogo. Zambarau bado haijawaka.